Mji wa Jangwani Usiku: Maswali kwa Mzee Waya

Barua za safari hii karibu zote ni za taa. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi redio mstaafu wa hapa Tanga, na siku hizi risasi yangu ya kuungia nyaya na koleo langu vinafanya kazi kwenye vijumba vya kuchezea vita vya mezani, vile vya sanamu ndogo, dado na futi ya kupimia.

Shikamoo Mzee Waya. Tuko Ruwi, Maskati, tunacheza kila Ijumaa usiku kwa sanamu za milimita 28. Najenga mji wa Siwa, Misri, mwaka 1942 wakati wa Vita Kuu ya Pili, ubao wa sentimita 60 kwa 60. Nataka kila dirisha liwake, na nimehesabu madirisha 70. Nianze kuta au waya? Na kwa kuwa Siwa ilijengwa kwa chumvi, nichanganye chumvi ya kweli kwenye plasta?

Marahaba mwanangu. Sabini? Huo si mji wa jangwani, huo ni ukumbi wa harusi.

Tuanze na Siwa yenyewe, maana ndiyo itakayokuamulia idadi ya taa. Mji mkongwe wa pale, Shali, ulijengwa karne ya 13 juu ya kilima, nyumba zikipandana, kwa kitu wanachokiita kershef: mabonge ya chumvi kutoka kwenye maziwa ya pale, yakishikamanishwa kwa udongo. Ukuta wa namna hiyo adui yake ni mvua. Mwaka 1926 ilinyesha siku tatu, kuta zikalainika na kuporomoka, watu wakateremka kuishi chini ya kilima. Kwa hiyo mwaka 1942, wakati magari ya doria ya Waingereza yakiingia na kutoka Siwa, na baadaye Waitalia walipoishika, Shali ilikuwa gofu. Watu walikuwa chini, na taa zao zilikuwa za mafuta.

Basi kilima chako kiache cheusi tii. Huko chini washa madirisha kumi na mawili na milango mitatu iliyoachwa nusu wazi, ukome hapo. Mchezaji akiona dirisha moja linawaka kwenye ukuta mrefu wa giza, atajiuliza nani yumo. Yakiwaka yote hajiulizi kitu. Giza nalo linajengwa, na ndilo gumu zaidi, kwa sababu mwanga unapenya kila mahali usipopataka.

Waya kwanza. Chukua ubao wa MDF (ule wa unga wa mbao uliogandamizwa) wa milimita 6, upigilie vipande vya mbao chini ili uinuke sentimita mbili. Humo ndimo nyaya zote zitapita. Chora nyumba zako juu ya ubao kwa penseli, kila mlango uwe na kimo cha milimita 40, maana sanamu ya 28 ikisimama kwenye kitako chake inakaribia pale. Vichochoro vya Siwa ni vyembamba kweli, lakini vyako vipe milimita 60, la sivyo vidole vya mchezaji vitabomoa mji kabla ya mizinga. Kisha toboa tundu moja kwenye pembe ya kila chumba kitakachokuwa na taa. Waya usipite darini hata siku moja, kwa sababu dari lazima inyanyuke ili sanamu ziingie ndani.

Sasa chumba kimoja, tukitazame kwa karibu. Kuta za stairofomu ngumu (si ile nyeupe ya chembechembe iliyokuja na televisheni, hiyo inamomonyoka) au za boksi gumu lililobandikwa mara mbili. Ndani paka rangi nyeusi mikono miwili, ikauke, halafu nyeupe mkono mmoja juu yake. Nyeusi inazuia mwanga usitoke ukutani, nyeupe inautawanya chumbani. Ukiruka nyeusi, usiku ukifika nyumba nzima itang'aa. Rangi iwe ya maji na ya brashi. Ile ya kopo la kupuliza inaila stairofomu ukiitazama. Taa ya LED ichague yenye mwanga wa joto, yaani ile ya umanjano, si nyeupe ya hospitali. Itege chini pembeni ikitazama ukuta wa nyuma, isitazame dirisha kamwe. Mtu aone mwanga, asione balbu. Dirishani bandika kwa ndani kipande cha karatasi ya kuokea keki. Bado ni nyeupe mno? Ipake LED rangi ya kucha ya chungwa inayopitisha mwanga. Bibi yenu anayo chupa ambayo kwa miaka haijaguswa ukucha.

Umeme: betri nne za AA, zile za saa ya ukutani, kwenye kikasha kimoja, zinakupa volti 6. LED nyeupe inakula volti 3 hivi, zinabaki 3. Weka rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, ya omu 470 (mistari yake ni njano, zambarau, kahawia) kwa kila taa, utapata karibu miliampea 6. Dukani watakwambia LED inataka 20. Mezani usiku, 6 zinatosha na kubaki, na taa zako kumi na tano zote hazifiki miliampea 100, kwa hiyo betri zitakuvusha Ijumaa kadhaa. Mguu mrefu wa LED ni chanya. Kabla hujafunga chumba, iwashe.

Gawa taa katika mafungu matatu, kila fungu na swichi yake ubavuni mwa ubao. Hapa ndipo raha ilipo. Sisi mezani tuna kanuni yetu: sanamu iliyo ndani ya sentimita 15 kutoka mlango unaowaka huonekana na kupigwa kama mchana, nje ya hapo mpigaji atafute dado nzuri. Ukitaka, unatumia zamu yako kwenda kuizima taa. Nimewaona watu wazima wakigombania swichi moja kuliko wanavyogombania kifaru.

Kuhusu chumvi: usithubutu. Chumvi inavuta unyevu, na Maskati mnaijua hali yake. Itatoa jasho chini ya rangi na kula shaba ya nyaya zako. Changanya puti ya ukutani, gundi ya mbao na mchanga uliochekechwa, na pale unapotaka bonge la chumvi lionekane bandika ganda la yai lililopondwa. Pembe zote zifute kwa kidole chenye maji. Ukuta wa kershef hauna pembe kali. Rangi iwe kahawia iliyopauka yenye ukijivu. Tafadhali, ile rangi ya machungwa ya sinema waachie wenyewe. Na panda mitende na mizeituni. Siwa ni chemchemi, si mchanga mtupu.

Mzee Waya, salamu kutoka Nairobi. Nimeunga LED kumi nyeupe na mbili nyekundu za moto wa kambi, zote sambamba, kwenye pawabenki ya volti 5, na rezista moja tu mwanzoni. Nyekundu zinawaka, nyeupe ziko kimya. Halafu baada ya muda mfupi kila kitu kinazima. Nimebadilisha taa zote, hali ni ileile. Shida ni pawabenki?

Shida ni mbili, na pawabenki ni ya pili.

LED nyekundu inaridhika na volti 2 hivi. Nyeupe inataka 3. Ukizifunga pamoja nyuma ya rezista moja, nyekundu inaanza kupitisha umeme pale kwenye 2 na haiachi volti zipande. Nyeupe zinasubiri volti isiyofika. Taa zako zilikuwa nzima, pole kwa gharama. Kila LED ipewe rezista yake: kwa volti 5, nyeupe omu 330, nyekundu omu 470, zote zitakunywa miliampea 6 hivi.

Sasa pawabenki. Nyingi zimeundwa kwa ajili ya simu. Zikiona kinachonywewa ni kidogo mno, zinadhani simu imejaa au imechomolewa, zinajizima. Taa kumi na mbili kwa miliampea 6 ni 72 tu. Wapo wanaoongeza mzigo wa bure ili kuidanganya. Mimi naona ni kupoteza umeme. Weka betri za AA, au tafuta pawabenki yenye hali ya mzigo mdogo, ile ya kuchajia saa na visikilizio.

Na huo moto wa kambi, usinunue kifaa maalumu. Nunua mshumaa wa betri, ule wa plastiki unaopepesa, uupasue. Ndani ya LED yake mna kidude chenye akili ya kupepesa peke yake. Funika kwa kokoto na vijiti, basi.

Mzee, mimi ni mama wa mtoto wa miaka kumi na moja, Arusha. Anataka kujenga mji kama huu. Nimruhusu?

Mruhusu, mama. Volti 6 hazimdhuru mtu. Mambo mawili uyasimamie wewe: chuma cha kuchomea risasi kisitumike bila mtu mzima na dirisha liwe wazi, na zile betri bapa za kitufe, ambazo utazikuta kwenye mishumaa ya plastiki niliyoitaja hapo juu, zikae mbali na wadogo zake. Mtoto akimeza moja ni kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu inaunguza koo kwa ndani hata kama imekwisha nguvu. Kisu cha kukatia nadhani hukuhitaji fundi redio akwambie.

Shikamoo Mzee. Babu mzaa baba alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), sisi ni watu wa Songea. Nataka sanamu yake iwe ndani ya mji wa jangwani wa Libya. Kuna ubaya?

Marahaba. Mchezo ni wako, lakini kwa heshima ya babu, usimpeleke asikofika. Vita vya KAR vya mwaka 1941 vilikuwa Somalia na Ethiopia. Mwaka 1942 wakapelekwa Madagaska, kisha Burma. Batalioni ya 6, ya Tanganyika, ilipigana Ethiopia, na kule utajenga mito na vichaka, si mji wa mchanga.

Kama roho yako iko kwenye ukame, nenda Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Mwezi wa Julai 1940 Waitalia waliizingira ngome ya pale. Ndani walikuwamo askari wa batalioni ya 1, ambayo watu wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Kwa hiyo babu utamwazimisha kikosi kisicho chake, lakini angalau ni vita vya KAR. Vikosi vya kuwaokoa vilishindwa kupenya, na mwishowe waliozingirwa walichopoka usiku.

Hapo taa ndiyo mchezo wenyewe. Ngome usiiwekee hata LED moja. Mioto ya kupepesa iwe upande wa wazingiraji, minne au mitano, yenye mapengo yasiyolingana kati yake, na swichi zake zote mkabidhi anayecheza Mwitaliano. Kila zamu mpe ruhusa ya kuwasha moto mmoja wa ziada popote atakapo, ila akishauwasha haruhusiwi kuuzima.