Namba tasa ya elfu kumi na moja ni ya ngapi?

SWALI: Tunasoma informatiki hapa Lubumbashi. Tuliandika fumbo kwa Kiswahili: "Tafuta namba tasa ya elfu kumi na moja." Mimi nimepata 104 743, mwenzangu kapata namba iliyopita 116 000. Programu zetu zote mbili ziko sawa. Nani kasoma vibaya?

JIBU: Hakuna. Sentensi yenu ina namba mbili ndani yake. Wewe umesoma elfu kumi, kisha moja juu yake: 10 001. Mwenzako kasoma elfu, mara kumi na moja: 11 000. Wengi wangesoma kama yeye. Mtajie muuza vitenge franga elfu kumi na moja, atangoja 11 000. Kwenu tatizo hili hujificha kwa sababu namba kubwa hutajwa sana kwa Kifaransa, na dix mille un (10 001) haifanani hata kidogo na onze mille (11 000).

Kwa kawaida upatanisho wa ngeli hutuokoa. Watu elfu kumi na mmoja ni 10 001, maana "mmoja" huyo ni mtu. Watu elfu kumi na moja ni 11 000, maana "moja" inahesabu maelfu. Vitabu elfu kumi na kimoja, vivyo hivyo. (Kiswahili cha mitaani Lubumbashi hakishiki sana upatanisho huu, lakini kwenye maandishi unafaa.) Bahati mbaya, "namba" ni ya ngeli ya N, ambayo haibadilishi chochote kwenye -moja, na franga ni hivyo hivyo. Basi geuzeni mpangilio: "ya kumi elfu na moja". Au andikeni tarakimu. Kwa fumbo la kompyuta mimi singeandika kingine.

Utata huu unafika mpaka kwenye maandishi ya programu yenyewe. Anayetumia chekecho la Eratosthenes (njia ya kupata namba tasa kwa kufuta vigawe vya kila moja) lazima aweke ukomo kwanza. Chukua n, izidishe kwa jumla ya logi asilia (ln) ya n na logi asilia ya logi hiyo; kuanzia n = 6, namba tasa ya n haivuki hapo. Kwa 10 001 unapata kama 114 319, hivyo 114 320 inatosha. Kwa 11 000 ukomo huo ni mfupi: chekecho litaisha kabla ya jibu. Kila namba tasa p inayobaki, futa vigawe vyake kuanzia p × p, kwa kuwa vidogo zaidi vimeshafutwa na namba tasa zilizotangulia. Hapa p ya mwisho ya kufanya kazi ni 337.

Angalieni na "hadi". Hadi 49 inaijumuisha 49; chini ya 49 inaiacha. Mkiandika sharti p × p < ukomo wakati fumbo linasema hadi 49, zamu ya 7 inarukwa, 49 inapita kama namba tasa, na mnahesabu 16 badala ya 15. Sharti ni <=.

Na programu ya 10 001 ikitoa 104 759, mmeandika orodha[10001]. Python (lugha ya programu) huhesabu nafasi kuanzia 0, kwa hiyo namba ya 10 001 imo kwenye orodha[10000].