Reli juu, malori chini: majibu ya maswali yenu

Tangu niandike kwamba pale barabara yenye malori inapokatana na reli ya TAZARA (ya Tanzania na Zambia) mjini Mbeya tuwe na barabara ya chini, inayopita chini ya reli, siyo kivuko cha treni na magari kupishana usawa mmoja, maswali yamemiminika. Nimechagua machache. Waliouliza jambo moja mara tatu wataliona limejibiwa mara moja.

Mzee wangu shikamoo. Kwa nini barabara ya chini? Dar wana daraja la Mfugale, sisi tukose nini? (Mkazi wa Iyunga)

Marahaba. Daraja la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018, linapita juu ya magari. Treni ni ndefu zaidi kwenda juu kuliko gari. Ukiiachia nafasi yake na kuongeza unene wa daraja, lori linapanda mita 8 hivi. Kwa mwinuko wa asilimia 4, ambao lori lililoshiba mzigo linaumudu, hizo ni mita 200 za kupanda na nyingine 200 za kushuka.

Sasa shuka chini. Kontena refu lina mita 2.9 kwenda juu, tela lililolibeba lina kama mita 1.5, jumla mita 4.4. Acha mita 5.5 za wazi, weka mita 1 ya zege la kubeba reli: unachimba mita 6.5, na mteremko ni kama mita 160 kila upande. Reli ikiwa tayari imeinuliwa kwenye tuta, unachimba pungufu ya hapo. Hizo mita 40 zinazookolewa kila upande ni maduka, gereji na vyumba vya watu. Daraja la juu linapendeza kwenye picha, nakubali, lakini hapa petu lingemeza mtaa.

Treni zenyewe ni chache. Kwa nini tuchimbe? (Dereva, Tunduma)

Usipime barabara ya miaka hamsini ijayo kwa treni za mwezi uliopita. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini na kampuni ya CCECC ya China mkataba wa miaka 30 wa kuifufua TAZARA na kuiendesha. Lengo ni mizigo, na mizigo ni treni ndefu. Treni ya mita 600 ikipita mjini kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa inachukua karibu dakika 2 kumaliza kivuko, bado hujahesabu muda wa kusubiri kabla na baada. Malori 20 yakisimama yakiwa na karibu mita 20 kila moja, foleni ni mita 400. Reli hii ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, Mbeya ikiwa mji mdogo. Sensa ya mwaka 2022 imetukuta zaidi ya laki tano.

Kwani SGR, reli mpya ya kisasa, mbona haina vivuko? (Mwanafunzi wa MUST)

Kwa sababu treni ya kilomita 160 kwa saa haikutanishwi na bodaboda. Waliamua hivyo kabla ya kuchimba. Sisi tunarekebisha kilichoachwa nusu karne.

Niwaandikie TARURA waje kujenga? (wasomaji wanne)

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za mitaa na wilaya ni za TARURA. Reli ni ya TAZARA, na hakuna mtu anayechimba chini ya reli bila idhini yao. Nimeshalijibu hili kwenye ukurasa huu huu. Tafadhali someni kabla ya kuandika.

Barabara ya chini si itageuka bwawa masika? (Mama mfanyabiashara, Mwanjelwa)

Mama, umeuliza swali ambalo wataalamu wengi hulisukuma ukurasa wa mwisho wa michoro yao. Nataka kulijibu kwa kirefu.

Karibu na ninapoishi kuna kalavati kubwa chini ya reli ambalo watu walikwishaligeuza njia ya miguu. Machi mwaka mmoja nilipita asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Ukutani kulikuwa na mstari wa tope uliofika kifuani kwa mtu mzima, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Chini, chupa za plastiki na magunzi ya mahindi yalikuwa yameziba mdomo wa kutokea. Binti wa shule alisimama ameshika viatu mkononi, akapima kwa macho, kisha akapanda tuta na kuvuka juu ya mataruma. Treni ingekuja, tungesema mtoto hakuwa makini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni maji, zege baadaye. Kwanza, maji ya mlimani yasiingie kabisa: kabla ya mteremko kuanza, barabara ipande kidogo kama nundu pana, na mtaro wa kukinga maji ukate upande wa juu. Pili, yale yatakayoingia yatoke yenyewe kwa mteremko hadi kwenye kijito. Mji wetu umekaa kwenye miteremko, hivyo mahali pa kuyatolea hapakosekani. Anayewaletea mpango wa kutegemea pampu peke yake mkatalieni, maana mvua ya radi ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Tatu, udongo wetu una majivu mengi ya volkano, mwepesi na rahisi kusombwa, basi kingo zijengewe mapema. Na bajeti ya kuzibua mitaro kila Oktoba iandikwe kabla ya utepe kukatwa.

Tela likigonga paa? (Utingo, Makambako)

Chuma cha kupima urefu kiwekwe mbali kabla ya mteremko, lori ligonge hapo. Jambo ambalo hukuuliza: wakija kuweka lami mpya, waikwangue ya zamani kwanza. Tabaka mbili za sentimita 5 zinakula sentimita 10 za nafasi, na kibao bado kinasema urefu ule ule.

Treni zitasimama miezi mingapi?

Siyo miezi. Boksi la zege, ambalo ndilo njia yenyewe ya chini, humwagwa pembeni ya reli, likikomaa linasukumwa chini kwa majeki ya haidroliki huku reli ikishikiliwa na mihimili ya chuma na treni zikipita polepole.

Nyumba yangu imechorwa X ya kubomolewa. Nitalipwa?

X ya kijani, una haki ya fidia. Nyekundu, umehesabiwa umevamia hifadhi ya barabara. Ukithaminiwa, tunza nakala. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini kuidhinishwa, inadai riba. Uthamini ukipita miaka miwili, urudiwe. Usisaini karatasi usiyoielewa hata kama mwenyekiti wa mtaa amesimama pembeni.

Na sisi wa miguu? (Bibi, Nzovwe)

Shikamoo bibi. Mtembea kwa miguu anahitaji mita 2.5 tu za kwenda juu. Njia yake inaweza kukaa ukutani, mita mbili na zaidi juu ya lami ya magari: mteremko mfupi, mkavu, taa ikiwaka, na anayesukuma mkokoteni wa ndizi apite. Ikiwekwa huko chini na malori, watoto watarudi kwenye mataruma. Mkiitwa kwenye mkutano kuoneshwa michoro, ombeni ule unaoonesha barabara imekatwa katikati, mmwambie mhandisi aweke kidole pale mnapopita nyie.