Usimlipe huyo mchapaji Jumatatu

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema upo Mafinga, mfadhili kakupa milioni sita, na Jumatatu unamlipa mchapaji wa Dar akutolee vitabu vya Kiswahili vya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, kwa watoto wa darasa la tatu. Halafu unauliza Perkins (ile mashine ya mkono ya kuandikia nukta) au kompyuta, karatasi zinapatikana wapi, na kama hii kazi inalipa. Usilipe. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo mpaka Uyole.

Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu wa kitengo cha wasioona huku Mbeya. Tulichangishana, nikaongezea akiba yangu, ikafika milioni nne na laki moja. Nakala 25 za kitabu kimoja, kila nakala juzuu tatu, maana nukta zinakula nafasi: kitabu chembamba cha kawaida kikigeuzwa kinakuwa mzigo. Yule "mtaalamu" wa kuchapa aliyenipokea alivaa tai, akanikalisha, akaniambia kompyuta yake inajua lugha zote. Nikauliza, je, tumtafute asiyeona apitie kwanza? Akacheka. "Kipofu atakuchelewesha, mwalimu." Hilo neno sijalisahau mpaka leo, na nikikutana naye stendi hatutasalimiana.

Sampuli akanitumia kwa picha ya WhatsApp. Nikaipitisha. Ndiyo, nilipitisha maandishi ya kusomwa kwa vidole kwa kuangalia picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Chekeni, nawasubiri, mkimaliza tuendelee.

Mzigo ulifika ndani ya buti la basi, chini ya mabalo ya mitumba ya Mwanjelwa. Juzuu za chini nukta zilikuwa zimelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Hilo nililisamehe. Kitabu cha juu kabisa nikampa binti mmoja wa darasa la tatu, mwepesi kuliko wenzake wote. Kidole kikateleza vizuri mstari wa kwanza, wa pili kikasimama. Kikarudi nyuma. Akapakwaruza kwa kucha, akidhani pana uchafu. "Mwalimu, S, halafu hapa pana herufi gani?"

Nikainama. Nukta ya 1, 2, 3, 4 na 6. Tumbo likanikata.

Ni hivi. Watoto wetu wanajifunza herufi kwa herufi. Kiingereza kina gredi ya pili, ambayo alama moja inabeba kundi zima la herufi: "and" ina alama yake, ndiyo hizo nukta zilizomkwamisha binti, "ar" ina yake, "er" ina yake. Yule bwana aliacha programu yake ya kugeuza maandishi kuwa nukta kwenye Kiingereza cha gredi ya pili. Programu ikakuta "sanduku", ikaona "and" katikati, ikaimeza: s, alama moja, u, k, u. Baridi ikakatwa, barua ikakatwa, serikali ikakatwa. Kitabu kizima, juzuu 75. Nilipompigia simu akasema tatizo ni watoto, hawajafundishwa vizuri. Yaani mimi ndiye niliyewafundisha, na nilikuwa namsikiliza!

Nikabeba juzuu moja kwa mama mmoja mwalimu mstaafu, asiyeona, jirani kabisa. Miaka minne nampita kibarazani, namwamkia shikamoo naendelea na safari. Alisoma nusu ukurasa, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mwanangu, hiki Kiswahili chako kimevaa suti. Kwa nini hukuja kabla?" Ilimchukua dakika tatu. Dakika tatu dhidi ya milioni nne.

Na hapa ndipo nataka unielewe, kwa sababu wewe unaona kama mimi: walimu tunaoona tunasoma nukta kwa macho. Macho yanasamehe. Yanabahatisha neno yanaendelea. Kidole hakibahatishi, na nukta iliyozama kidogo macho yanaiona kwa kivuli chake lakini kidole hakiikuti. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, mwambie akuchapie kurasa mbili kwenye karatasi ile ile atakayotumia. Zichukue mkononi, si kwa picha. Mtafute asiyeona anayesoma nukta kila siku, akusomee kwa sauti huku wewe umeshika maandishi ya kawaida. Na mlipe, usimpe soda. Mchapaji akikataa, huyo ndiye yule yule wangu na tai yake.

Perkins: nunua, hata moja. Vitufe sita vya nukta, haina haja ya umeme, nzito karibu kilo tano. Karatasi usichukue rimu za gramu 80 za stationery, nukta hazidumu. Mengine uliyouliza sitayajibu leo.

Juzuu zangu bado ziko stoo. Ukipita Mbeya kabla ya Jumatatu njoo uchukue moja, ukaiweke mezani kwa huyo mchapaji wako umuulize hapo penye "sanduku" pameandikwa nini.