Natunga uzi sindanoni bila miwani, na glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa jicho, ilinipata hivyo hivyo

Juzi dada mmoja wa Tabata kanitumia picha ya karatasi ya vipimo vyake vya macho. Imejaa nyekundu. "Kaka, hii nyekundu ndiyo upofu?" Anasema kalia usiku kucha. Ningemjibu kwa mistari miwili tu, lakini acha na wengine wasikie.

Mimi ni fundi cherehani, Kariakoo. Jeuri yangu miaka yote ilikuwa hiyo: uzi mweusi, jioni, bila miwani. Mwaka 2019 nilikwenda kupima katika duka moja la miwani, maana marehemu baba alikufa haoni. Herufi nikazisoma mpaka mstari wa mwisho. Nikapuliziwa upepo jichoni kupima presha ya jicho, ikatoka 17. "Macho mazima haya, mzee, unatafuta ugonjwa?" Yule bwana akacheka na mwenzake. Kicheko kile bado ninacho.

2021 nikaanza kukanyaga bidhaa za wamachinga. Leo nyanya, kesho viatu vya mtu. Nimetukanwa Msimbazi yote! Nikadhani ni haraka zangu.

Hospitalini nikakuta daktari binti mdogo tu, ila hakuishia kwenye presha. Alinipiga picha ya nyuma ya jicho, akanionyesha. Pale mshipa wa fahamu unapotokea kuna duara lenye kishimo katikati. Changu kilikuwa kimetanuka, ukingo wa juu umebaki mwembamba. Ukilika juu, unapoteza kuona chini. Nyanya za watu zikapata maelezo. Kisha kipimo kiitwacho OCT: unaweka kidevu, unakazia macho alama, mwanga unapima unene wa tabaka la nyuzi za fahamu kwa mikroni, ambazo elfu moja ndiyo milimita. Jicho moja lina nyuzi kama milioni moja. Hapo fundi nikaelewa: nguo inachanika pindoni, katikati bado inang'aa, ndiyo maana sindano naiona. Na presha ya 17 ni ya kawaida kabisa, kati ya 10 na 21, lakini kuna mishipa inayokufa humo humo. Iliyokufa hairudi. Matone ya kila usiku yanalinda iliyobaki.

Basi sikieni. Msikubali upepo peke yake. Ombeni mshipa utazamwe. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua asisubiri dalili. Na tunzeni karatasi! Nyekundu si hukumu: mashine ya OCT inakulinganisha na macho ya watu wazima wenye afya iliowekewa, na mtu asiyeona mbali kabisa anaweza kupewa nyekundu ya bure. Mtoto wa jicho nao hufifisha picha. Kwa hiyo daktari huongeza kile kipimo cha kubonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga, halafu analinganisha picha ya leo na ya zamani. Ya zamani ataitoa wapi kama umefungia maandazi? Simu ya laki tano mnanunua, risiti mnaitunza miaka. Karatasi ya jicho, aah. Tunzeni karatasi.

Dada wa Tabata nilimwuliza, miwani yako vipi? "Nzito, tangu darasa la tano. Bila hiyo sioni ubao." Na picha ya zamani unayo? Kimya. Asubuhi akaandika kaipata, ya 2022, kabatini chini ya vitenge vya harusi. Jumatatu anazipeleka zote mbili.