Mwalimu wa Bendi Aliyezalisha Walimu

Mhariri mpendwa,

Wiki hii mmewauliza wasomaji ni nani aliyejenga katika mji wao kitu ambacho pesa peke yake zisingekijenga. Mimi ninamtaja mwalimu wa shule ya msingi aliyeanzisha bendi ya matarumbeta katika mji wetu mdogo wa Kaunti ya Vihiga, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa hakupenda kutangazwa. Waliopitia mikononi mwake watamtambua.

Huku kwetu tarumbeta si jambo geni. Jeshi la Wokovu lilianza kazi nchini Kenya mwaka 1921, likapata waumini wengi Vihiga na Kakamega, na bendi zake zilikuwa zikipita barabarani Jumapili kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Mwalimu alijifunzia korneti, yaani tarumbeta fupi, humo akiwa kijana, na pamoja na nyimbo akachukua utaratibu wa kuandika muziki ambao, kwa maoni yangu, ndio uliobeba kazi yake yote. Katika bendi za mtindo huo, karibu kila ala yenye valvu, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, kuanzia korneti hadi tuba inayomfunika mtoto kifua kizima, husomewa nota kwa ufunguo mmoja, ile alama ya mwanzo wa mstari inayoonyesha nota zisomwe vipi, na kupigwa kwa vidole vilevile. Urefu wa bomba ndio unaoishusha sauti. Kwa hiyo mtoto aliyezoea korneti akikabidhiwa baritoni, ala kubwa zaidi yenye sauti nene, haanzi upya, na mwalimu mmoja asiye na msaidizi anaweza kufundisha safu nzima kwa wakati mmoja.

Ala zilikuwa tisa na sisi tulikuwa zaidi ya thelathini. Wasio na ala walibonyeza vidole vitatu juu ya mkono wa kushoto, wakijifunza kwamba valvu ya kwanza hushusha sauti kwa toni nzima, ya pili kwa nusu toni, na ya tatu kwa toni moja na nusu. Wimbo wa kwanza ulikuwa Wimbo wa Taifa, ambao lahani yake inatokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Aliuchagua kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameusikia gwarideni mara nyingi mno, hivi kwamba kidole kilipokosea, sikio lilikikemea kabla ya Mwalimu.

Kwa upande wa ngoma aliwaalika wapigaji wa isukuti, ngoma ya asili ya jirani zetu wa Isukha na Idakho, ingawa baadhi ya wazee wa kanisa hawakupendezwa. Nadhani aliona mbali, kwa maana mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na wakati huo watoto wetu walikuwa wameshaijua kwa mikono yao.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, somo la muziki lilipoacha kutahiniwa katika mtihani wa darasa la nane, mazoezi yalihamia saa kumi jioni, na wazazi wakauliza kwa nini mtoto apulize chuma badala ya kufanya hesabu. Mwalimu hakubishana nao. Aliwakaribisha waketi wasikilize, kisha akaendelea kuzisafisha ala kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kulainisha valvu kwa mafuta ya cherehani, na kumpelekea fundi wa sufuria bomba lililopasuka.

Watu wengi mjini humsifu kwa vikombe tulivyoleta kutoka kwenye mashindano ya muziki ya shule. Mimi nilikuwamo, na furaha ile siisahau, lakini kazi yake kubwa naiona katika kanuni moja aliyoishikilia kwa ukali kuliko zote: hakuna aliyeruhusiwa kubeba ala nyumbani mpaka awe amemfundisha mwenzake kupiga skeli nzima, yaani nota zote kwa mpangilio wa kupanda na kushuka, bila kosa. Aliyefundisha na aliyefundishwa waliandikwa katika daftari, jina chini ya jina, kwa kila ala. Kanuni hiyo ilinichosha nikiwa na miaka kumi na miwili, nikamlilia mama kwamba ninaonewa. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, na sijaona njia bora ya kumfanya mtoto aelewe anachokijua.

Mwalimu alistaafu, na bendi haikusimama hata muhula mmoja. Likizo ya Agosti iliyopita nilipita shuleni, nikaonyeshwa lile daftari. Jina langu liko kwenye ukurasa wa baritoni. Chini yake limeandikwa la msichana niliyemfundisha, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili. Chini ya lake ni la kijana anayeiongoza bendi leo, ambaye hakufundishwa na Mwalimu hata siku moja. Na la mwisho ni la mtoto wa Gredi ya Tano aliyeipokea baritoni ileile mwezi Januari.