"Compromise" na "trade-off" hazina maana moja

SWALI: Kamusi yangu inasema "compromise" ni maafikiano. Mbona nimeandikiwa kwamba nywila yangu ni "compromised"? Nani kaafikiana na nani? Na "trade-off" je?

JIBU: Hakuna aliyeafikiana. Nywila imeangukia mikononi mwa wasiohusika. Ibadilishe kwanza, kisha urudi kusoma.

Kitenzi hiki kikipokea yambwa moja kwa moja, maana hugeuka: "compromise safety" ni kuhatarisha usalama. Maafikiano hudai kihusishi: "with" kwa mtu, "on" kwa jambo. Ndiyo maana "we compromised the price" huwashangaza wasomaji. Sahihi ni "we compromised on the price". Matamshi nayo hutega: mwisho ni "-maiz", wala si kama "promise", na mkazo uko silabi ya kwanza.

"Trade-off" haihitaji watu wawili. Ukichagua simu nyepesi yenye betri ndogo, umepata hiki ukapoteza kile: "a trade-off between weight and battery life". Nomino ina kistari. Kitenzi hakina: "trade off speed against accuracy".

Mmoja akitaka 80 na mwingine 100, mkakubaliana 90, hiyo ni "split the difference".

Jihadhari na "settle for". Ina uchungu ndani yake: umekubali pungufu ya ulichotaka. Kumwambia mwajiri mpya "I settled for this job" ni kumtukana kwa adabu. "Settle on" ni kuamua tu.