Zana chache za pikipiki kuukuu

SWALI: Fundi, nina pikipiki ya Uingereza ya mwaka 1958. Spana zangu za milimita zinateleza kwenye nati. Safarini nibebe nini bila kujaza begi?

JIBU: Hizo za milimita ziache nyumbani, ndugu yangu, zitakulia pembe za nati zote. Pikipiki yako inataka spana za Whitworth, kipimo cha kale cha Uingereza, na usishangae namba zake: zinataja unene wa bolti, si upana wa kichwa. Mimi nilipita kwenye pikipiki nzima na spana mkononi, nikabakiza zile tu zilizopata nati ya kushika. Zilikuwa nne.

Ongeza spana ya plagi, plagi moja mpya, bisibisi, koleo dogo, kiungo cha cheni na kipande cha waya. Kama inatumia magneto, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche, beba geji ya kupimia mwanya wa pointi, yaani vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ndani yake. Kwa nyingi mwanya huo hukaa karibu milimita 0.3. Msasa laini pia wa kusafishia pointi, kipande cha ukubwa wa kadi.

Viviringishe vyote kwenye tyubu kuukuu iliyopasuliwa, ufunge kwa mpira. Mimi nilitumia kopo la bati, likanipigia ngoma njia nzima.